Alifu ya Wakili Gani

Wiki mbili baada ya Idi nilipata ujumbe kwenye simu kutoka nambari nisiyoijua. "Assalamu alaykum, Bi Zuwena. Mimi Nargis, binti wa Wakili Gani. Nakuja Ibra kuzuru kaburi la baba, na naambiwa aliyebaki wa kulijua ni wewe." Nilikuwa jikoni kwangu hapa Nizwa, namenya vitunguu, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza kana kwamba ikinitazama itanishtaki. Nimesomesha Kiarabu shule za wasichana miaka thelathini na moja. Nimesahihisha imla mpaka macho yakaingia ukungu, na wajukuu zangu hunicheka kwamba bibi husahihisha hata vibao vya maduka. Hawajui ugonjwa huo niliupata wapi. Sikumwambia mama yangu, sikumwambia marehemu mume wangu, na kwa miaka yote hiyo palikuwa na mtu mmoja tu duniani niliyemwomba Mungu nisikutane naye. Sasa mtu huyo alikuwa akiniuliza, kwa adabu kabisa, kama Jumatano nitakuwa na nafasi.

Mwaka wa mambo hayo ulikuwa wa pili tangu tufike Ibra kutoka Unguja. Watu wakikuita kule kuja kwetu "kurudi", na mimi nikistaajabu mtu anarudije mahali ambapo hakuwahi kufika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumba tuliyopewa na jamaa ilikuwa ya udongo, na mwisho wa ua palikuwa na madbasa, chumba cha kutolea asali ya tende. Sakafu yake ilikuwa ya matuta na vijifereji; magunia ya tende yakipangwa juu ya matuta, asali hujikamua yenyewe kwa uzito na joto, ikateremka vijifereji mpaka mtungini. Chumba kilikuwa hakijatumika miaka, na hicho ndicho Baba alichompa Wakili Gani alipotuingilia asubuhi moja na sanduku na bati la biskuti lililojaa karatasi. Godoro lilitandikwa juu ya matuta. Mama aliweka mbao chini yake, lakini mgongo wa mzee haukudanganyika. Sisimizi walifuata harufu ya asali ya zamani, wakapanda ukutani mpaka kwenye koti lake jeusi la mahakamani alilolitundika kwenye kigingi. Kila asubuhi akilikung'uta, akilipiga brashi, akilitundika tena. Hakuwa na pa kwenda nalo.

Jina lake hasa lilikuwa Abdulgani Mistri. Alizaliwa Kachi, akasoma sheria Bombay, akaja Unguja kijana, kwa miezi sita alivyodhani, akakaa umri mzima. Baba alikuwa karani wake miaka kumi na minane. Mjini kote akiitwa Wakili Gani, na mzaha wa jina hilo ulikuwa umezeeka kabla mimi sijazaliwa. "Naenda kwa wakili." "Wakili gani?" "Huyo huyo!" Alipogombea kiti cha Baraza la Kutunga Sheria, wapinzani wake walipita chini ya roshani yake wakipiga kelele, "Wakili gani? Wakili gani?" naye akatoka akawapungia mkono na kuwashukuru kwa kumtangaza bure. Akashinda. Ibra mzaha ule ukapata mkia mpya, maana kwa Kiarabu cha huku wakili hana mahakama. Ni msimamizi, na penye falaji, mfereji wa kumwagilia, ni yule anayesimamia zamu za maji ya mashamba. Baba akawaambia majirani, "Huyu mgeni wangu ni wakili," na kesho yake wanawake watatu wakajaa uani kwetu, wanagomba kwamba mitende yao imekaa kiu tangu Ijumaa. Mzee wa watu alikaa kwenye kiti akawasikiliza mpaka mwisho, mimi nikitafsiri. Akauliza upande wa pili uko wapi, akataka aitwe, akaitwa. Akatoa hukumu. Wakaifuata! Siku ya nne wakili wa falaji mwenyewe akaja, mkali, fimbo mkononi, akaishia kunywa vikombe vitano vya kahawa na kumwomba ushauri juu ya mpaka wa shamba la shemeji yake. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya leso. Sikumbuki kama nyumba ile ilicheka tena mwaka ule.

Tulikuwa tukila pamoja ukumbini, jambo ambalo majirani hawakulielewa, wanawake kukaa sinia moja na mgeni mwanamume, lakini Mama alisema mtu aliyenibeba nikiwa na siku saba si mgeni. Wali mweupe, kwa sababu nazi hazikuwapo, na ng'onda kutoka Sur waliokaushwa mpaka wakawa kama magome. Ami Gani, ndivyo nilivyomwita, alikuwa akila polepole na kuzungumza, na mazungumzo yake yote yakirudi barazani kule, kwenye viti vya ngozi na feni za dari. Siku moja alisimulia hotuba yake iliyopigiwa makofi kuliko zote. Kulikuwa na mjadala wa nani ahesabiwe mtu wa nchi na nani asihesabiwe, na yeye, mhamiaji mwenyewe, akasimama akasema asiye na hati mkononi alete shahidi, na asiye na hati wala shahidi asihesabiwe. "Nilijiona nimesema haki," akasema. "Nilikuwa na hati zangu zote kwenye bati hili hili." Baba akamchambulia samaki. Zile hati zilikuwa za dola ambayo imeondoka na bendera yake. Baada ya mapinduzi alikaa gerezani, akatolewa, mke wake akiwa ameshakufa. Akawekwa kwenye ndege na karatasi ya safari moja tu, ya kwenda wala si ya kurudi. Bintiye, Nargis, hakuruhusiwa kuondoka naye. Alibaki Unguja kwa shangazi yake.

Udongo haufichi siri, na niliyasikia mengi kupitia ukuta wa jikoni. "Atakaa mpaka lini?" Mama akiuliza, si kwa uchoyo, kwa hofu. "Mpaka apate karatasi," Baba akijibu. "Na asipopata?" "Atapata. Huyu ndiye aliyewapatia watu wote karatasi." "Mume wangu, hilo silo nililokuuliza." Maana karatasi ile ya ukaazi haikuwa kwa ajili yake peke yake. Akiipata, angeweza kuandika rasmi kwamba ana binti na anamtaka aje. Asipoipata, hata yeye mwenyewe angeweza kuambiwa siku yoyote aondoke, na hapakuwa na nchi duniani iliyokuwa ikimngoja. Barua ya Nargis ilikuja mikononi mwa msafiri aliyepitia Mombasa. Ami Gani aliisoma amesimama mlangoni mwa madbasa, kisha akanipa mimi niisome, sijui kwa nini, labda kwa kuwa tulikuwa umri mmoja. Nimeishika kwa moyo mpaka leo. "Baba, shangazi mgonjwa, haamki tena. Wanakuja watu kuniposa, siwajui, na hawaji kama watu wanaoomba. Fanya haraka. Usiniandikie maneno ya kunituliza, fanya haraka."

Ili apate karatasi, Ami Gani alihitaji mzee mmoja wa nchi, mtu anayejulikana, atakayesema: huyu namjua, namdhamini. Majirani walikuwa radhi, lakini wao walimjua miezi mitano tu. Alikuwapo mmoja. Sheikh Khelef alikuwa amekaa Unguja ujana wake, na Ami Gani aliwahi kumtetea katika kesi ya shamba la mikarafuu akamshindia. Sasa alikuwa kwao Dima wa Tayyin, huko juu milimani, mzee wa kubebwa, asiyeweza kuteremka. Akaleta salamu kwamba ushahidi atautoa, ila apelekewe mtu wa kuuandika. Kwa hiyo ilitakiwa barua ya Kiarabu kwenda ofisini: jina la mwombaji, jina la shahidi, na ombi kwamba shahidi asikilizwe nyumbani kwake. Ami Gani alikuwa akiandika Kiingereza cha kuogopesha. Baba hali kadhalika. Kiarabu cha nyumba ile kilikuwa mimi. Baba alinisifia kwa kila mtu. "Zuwena ana mkono wa dhahabu," akisema, na mimi nikijifanya sisikii.

Kila barua aliyoniandikisha kabla ya hiyo tuliimaliza kwa namna moja. Aliichukua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akanitaka nisome kwa sauti huku yeye akifuata herufi kwa herufi, maana alisoma msahafu tangu utoto na herufi alizijua hata pale maana ilipomponyoka. Ndipo akitia saini. Lakini siku ile barua ya Nargis ilikuwa mfukoni mwake, na jirani mwenye Land Rover alikuwa akipiga honi nje akisema ofisi inafunga adhuhuri. Nikaandika haraka, kwa hati nzuri. Ami Gani akanyoosha mkono, akatazama mlango, akanitazama mimi. "Umeisoma?" "Nimeisoma, ami." Nilikuwa sijaisoma. Akatia saini.

Majibu yalikuwa kuitwa. Tulikwenda watatu, yeye na Baba na mimi wa kutafsiri, na siku hiyo koti jeusi lilitoka kigingini likavaliwa katika jua lile. Afisa alikuwa kijana mpole, akatuagizia kahawa. Akaifungua faili, akaweka kalamu juu ya mstari mmoja, akauliza, "Shahiid? Fi ay harb?" Shahidi wa vita gani? Sikuelewa kwa nukta moja, kisha nikaelewa yote. Kwetu sisi neno ni moja: anayesimama mbele ya hakimu ni shahidi, na aliyekufa katika njia ya Mungu ni shahidi. Kiarabu kimewatenga. Aliye hai ana alifu baada ya shini. Aliyekufa hana, ana ye mbele ya dali. Chuoni Unguja tulikuwa tukiandika hata Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Kiswahili huvuta kabla ya kumaliza, sha-hii-di, na mkono wangu wa dhahabu ukafuata sikio langu. Nilikuwa nimeiandikia serikali kwamba tegemeo letu ni marehemu Sheikh Khelef wa Dima wa Tayyin, aliyekufa vitani. Na vita vya milimani, vya kuipiga serikali hiyo hiyo, havikuwa vya zamani sana siku zile. Wafu wa vita hivyo hawakutajwa kwa jina hilo mbele ya meza ya serikali.

Baba alinigeukia. Uso wake siwezi kuueleza. Ulikuwa unanisihi niseme kwamba afisa amesoma vibaya. Ami Gani akaomba karatasi, akaweka kidole chini ya neno. Nilikiona kidole kikifika pale ambapo alifu ingekuwa, kikasimama. Kisha akainua kichwa akasema kwa Kiarabu chake cha msahafu, kila herufi mahali pake, "Al-khata' minni." Kosa ni langu. "Binti ameandika nilivyomtamkia." Afisa akaniuliza kama ni kweli. Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Sentensi moja ingetosha: ni mimi, nilizoea kuandika hivyo Unguja, mtu mwenyewe yu hai, tumeni mtu akamwone. Huenda angecheka, akachukua kalamu akasahihisha. Huenda. Nikasema, "Naam." Afisa akafunga faili taratibu, akasema basi, mwombaji mwenyewe ndiye aliyelichagua neno, na neno likichaguliwa linataka maelezo, swali itabidi lijibiwe na wakubwa.

 Tulipofika uani, Baba alipoingia ndani, nilianza kulia na kumwambia ami nisamehe, naye akanizuia kwa kiganja, kama alivyokuwa akimzuia mteja anayesema mengi. "Karani hakosei, mwanangu," akasema. "Anayetia saini ndiye anayekosea. Ndivyo kazi yetu ilivyo." Alidhani ananipunguzia. Tuliandika barua nyingine siku hiyo hiyo, akaisoma kwa kidole mara tatu, ikapelekwa, na ikangoja nyuma ya lile swali. Ikangoja mwezi, ikangoja wa pili. Alikwenda ofisini kila Jumamosi, amevaa koti, akarudi akalipiga brashi. Mwezi wa tatu muuza mbuzi aliyeteremka kutoka Dima wa Tayyin alitwambia, katikati ya kupatana bei na Mama, kwamba Sheikh Khelef amezikwa wiki iliyopita. Nilikuwa na sinia mkononi. Ami Gani alikuwa kwenye kiti chake. Akasema kwa Kiswahili, bila ya kunitazama, "Haya. Sasa hana alifu kweli."

Baada ya hapo hakuwa mgonjwa wa kitu chenye jina. Aliacha kwanza kula, halafu kuzungumza juu ya baraza, halafu kulikung'uta koti. Wanawake wa falaji walikuja na ugomvi mpya, akawaambia kwa upole waende kwa wakili wa kweli. Siku moja alasiri alikaa juu ya matuta yale akaandika barua ndefu kwa Kiingereza, akaifunga mwenyewe, akamkabidhi Baba. Alikufa kabla tende hazijaanza kuiva. Wanaume wa mtaa wote walimzika, na mmoja akamuuliza Baba kando ya kaburi marehemu alikuwa mtu wa wapi, wapate kumtaja. Baba akainama, akasimika jiwe la pili.

Nargis alishuka kwenye gari Ibra Jumatano, mwembamba, kofia ya jua, viatu vya kutembelea, na Kiswahili cha Unguja mjini kisicho na vumbi hata chembe. Tulipeana mikono. Nilimpeleka makaburini kwanza. Makaburi ya huku hayana majina, ni mawe mawili tu, na yeye alisimama mbele ya mawe ya baba yake kama mtu aliyepanga foleni. Fatiha haikumchukua muda. "Tayari," akasema. "Tutazame hiyo nyumba." Nyumba imeanguka; wenyewe wameshajenga za saruji barabarani. Kilichobaki wima ni kuta tatu za madbasa na sakafu yake. Akauliza mbona sakafu ina matuta, nikamweleza, akauliza baba yake alilala wapi, nikamwonyesha pale pale.

"Kwenye matuta," akasema.

"Tuliweka mbao."

Akakaa juu ya ukuta uliobomoka. "Barua yake ya mwisho ilinifika nimeshaozwa, Bi Zuwena. Niliozwa mwaka ule ule, hakuna aliyeniuliza. Nilikaa miaka saba katika ndoa ile. Na yeye ananiandikia, 'Nilikosea neno moja kwenye barua, mwanangu, nisamehe.' Neno moja! Mtu aliyewatetea watu wa kila namna, aliyekuwa akinirudishia daftari langu la shule kwa ajili ya koma moja. Kwangu mimi ndipo akakosea. Nilisema, hakunitaka. Angenitaka angesoma mara mbili. Sikumjibu. Alikufa sijamjibu."

Nilitaka kukaa, pakawa hapana pa kukaa ila juu ya matuta, nikakaa hapo. "Neno lile niliandika mimi, nikaacha herufi moja, shahidi wake aliye hai akasomeka amekufa vitani," nikasema. "Aliniuliza kama nimeisoma barua, nikamwambia nimeisoma. Afisa akaniuliza kama ni yeye aliyenitamkia hivyo, nikasema naam. Baba yako alijitwika mbele yangu, na mimi nilimtazama akijitwika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa kama wewe."

Hakupiga kelele. Alitoa kalamu kwenye mkoba, na bahasha tupu, akanipa. "Niandikie." Nikaandika maneno mawili, la aliye hai na la aliyekufa. Akayatazama sana. Akauliza ipi ni ile niliyoiacha, nikamgusia alifu, mstari mmoja uliosimama peke yake.

"Hii?"

"Hiyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno ambalo angenitupia, na ningelipokea, nilikuwa nimelingoja miaka hamsini. Lakini hakuwa akinitazama mimi hata kidogo. Alikuwa ameshasimama, ameikunja bahasha, anatafuta mahali pa kukanyaga kati ya vijifereji.

"Nirudishe makaburini," akasema. "Nirudishe upesi. Sijamsalimia."